PESA YA CHUPA IRUDI KWA MWENYEWE

Masomo ya mwezi: Kumbukumbu la Torati 24:10-22, Amosi 2:6-8, Waefeso 1:13-14

 

Mwezi huu tunataka kusema nanyi juu ya jambo dogo ambalo wengine wataona halistahili kuletwa madhabahuni. Ni pesa ya chupa, ile tunayoacha dukani tukichukua soda ya chupa ya kioo, na kurudishiwa tukileta chupa tupu. Tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwa sababu katika jambo hili Mungu ametukemea sisi wachungaji na wazee kabla ya kuwafundisha ninyi.

Tulipokuwa Bwizibwera kwa maombi pamoja na ndugu wanaofanya vibarua huko, tulisimama dukani kando ya barabara ya Ibanda. Kijana mmoja wa kwetu alinunua soda, akataka kuondoka na chupa. Mwenye duka akamwambia aache kwanza pesa ya chupa. Kijana akakasirika, akasema, "Kwa sababu sisi ni wakimbizi, mnadhani ni wezi?" Watu waliokuwa pale wakagawanyika. Mmoja alisema mwenye duka ana haki, kwa sababu naye ameacha pesa ya kreti kule anakonunua kwa jumla, na chupa ikipotea hasara ni yake. Mwingine akasema kwamba kwa maskini hiyo ni bei mbili juu ya soda moja, maana nani atapata nauli ya kurudi kwa ajili ya chupa moja? Ndipo mama mmoja mwenyeji wa pale akasema, "Hata mimi niliyezaliwa hapa naacha pesa." Kijana akanyamaza, akanywea palepale.

Desturi hii si ngeni kwetu. Wengi mnakumbuka vidanji kule kwetu Kongo: usipoleta chupa tupu, hupewi iliyojaa mpaka ulipie na chupa yenyewe. Wala si jambo la Afrika tu. Ndugu zetu waliohamishiwa Michigan, Marekani, wamelikuta huko. Wananchi wa Michigan walipiga kura mwaka 1976, na sheria ikaanza kazi mwaka 1978: senti 10 kwa kila chupa au kopo la soda, na unazipata ukirudisha tupu. Jimbo la Oregon lilitangulia kwa sheria ya mwaka 1971, senti 5. Miaka ikapita, senti 5 ikawa si kitu, watu wakapunguza kurudisha. Mwaka 2017 ikapandishwa kuwa senti 10.

Ujerumani walianza tarehe 1 Januari 2003 kwa makopo na chupa za plastiki za kutumia mara moja. Mwanzoni watu walinung'unika sana. Maduka mengine yalikataa chupa zilizonunuliwa kwingine, na mtu alizunguka na mfuko wake wa chupa tupu kutoka mlango hadi mlango. Mwaka 2006 kanuni ikarekebishwa, na maduka makubwa yakalazimika kupokea hata chupa ambazo hayakuuza yenyewe. Leo karibu chupa zote zinarudi, na rehani ni senti 25 za yuro.

Tumetaja nchi hizi kwa sababu moja. Kila mahali, kuanzia Ujerumani hadi Bwizibwera, manung'uniko yana shina moja. Mtu anauliza, "Je, pesa yangu itarudi?" Akijua itarudi, ataiacha bila ugomvi. Akiona hairudi, ataita jambo zima wizi, na hatuwezi kumlaumu. Basi tuone Neno linasema nini.

1. Rehani si mali ya anayeishika

Katika Kumbukumbu la Torati 24 Musa anawaambia Waisraeli namna ya kushika rehani. Anayekopesha asiingie nyumbani mwa mwenzake kujichukulia kitu. Asimame nje, angoje aletewe. Na kama mwenzake ni maskini, na kitu alichoweka ni nguo yake ya kujifunika, basi irudishwe kabla ya jua kuchwa, apate kulala ndani yake. Angalieni, wapendwa: Mungu hakukataza rehani, lakini ameihesabia saa. Anajua kwamba kwa tajiri nguo ni nguo, bali kwa maskini nguo hiyo ndiyo usiku wake wote.

Sasa tunaungama mbele yenu. Kwenye sikukuu ya mwisho wa mwaka uliopita tulihitaji kreti 3 za soda, yaani chupa 72. Mwenye duka alitaka pesa ya chupa na ya kreti, nasi hatukuwa nayo. Mama mmoja mjane wa kanisa letu akatoa mtaji wake wa mandazi, akaweka kwa niaba yetu. Tulimwahidi kwamba siku ya Jumatatu atapata pesa yake. Vijana wetu walikusanya chupa 69, 3 zilivunjika. Mwenye duka alifanya haki: alikata zile 3, akarudisha zilizobaki, na pesa ikafika mikononi mwetu siku ileile ya Jumatatu.

Lakini juma lile tulikuwa na mhubiri mgeni wa kusafirisha. Tukachukua pesa ya mama kwa nauli. Tukaambiana kwamba ni kazi ya Mungu, naye atabarikiwa. Hatukumwuliza. Miezi miwili ikapita. Mama hakupiga kelele, hakutushtaki kwa mtu. Aliacha kupika mandazi, halafu akaacha kuja ibadani. Nasi tulimwombea kwa jina kwamba amepoa kiroho!

Tulijua kosa letu siku ya Jumapili moja, wakati mtoto wake alipoonekana anaokota chupa za plastiki katika uwanja wa kanisa. Mmoja wetu alimfukuza akisema hapa si jalala. Mtoto akajibu kwamba anatafuta pesa ya daftari, kwa sababu mandazi ya mama yamekwisha. Wapendwa, tulikuwa na Biblia mkononi, na tulikosa neno la kusema.

Nabii Amosi, sura ya 2, anawahukumu watu waliojinyosha karibu na madhabahu juu ya nguo walizochukua kwa rehani. Walikuwa katika ibada, lakini walikalia nguo ya maskini. Ndivyo tulivyokuwa sisi. Amana haigeuki sadaka kwa sababu mchungaji amesema hivyo. Sadaka hutolewa na mwenyewe, kwa moyo wake. Kinachochukuliwa bila yeye kujua kina jina lingine, nanyi mnalijua.

Tumerudisha pesa ile yote, pamoja na ya zile chupa 3, kwa sababu sisi ndio tulioalika watu kunywa. Tulikwenda nyumbani kwake, tukasimama nje, tukaomba msamaha. Alihesabu, akashukuru. Mandazi yameanza tena. Kanisani bado haji kila Jumapili, wala hatumharakishi. Mtu aliyesubiri miezi miwili ana haki ya kutusubirisha sisi pia.

2. Tusimdharau anayeokota

Katika sura ileile Mungu anaamuru kwamba mganda uliosahauliwa shambani usirudiwe. Zeituni zilizobaki mtini na zabibu zilizobaki katika mizabibu ziachwe. Ni za mgeni, yatima na mjane. Ndugu zangu, mgeni ni nani? Ni sisi. Katika sheria ya Musa tuna mstari wetu.

Ruthu alikuwa mgeni kutoka Moabu, akaokota masazo nyuma ya wavunaji, na Boazi akawakataza vijana wake wasimwaibishe. Leo kule Ujerumani watu wengi wana desturi ya kuacha chupa kando ya pipa la taka, wasiitupe ndani, ili maskini anayekusanya aichukue bila kuingiza mikono katika uchafu. Pengine hawafikirii Ruthu, lakini wanafanya kama Boazi.

Hapa kwetu chupa za plastiki hazina pesa ya kurudishiwa kama zile za kioo. Nyingine tunapimia mafuta ya kula, nyingine tunawekea maji, na nyingi zinatupwa, mvua inazisukuma mabondeni, na bonde letu linaelekea ziwa ambalo maji yake tunakunywa. Wanaoziokota na kuziuza kwa kilo wanatusafishia mahali petu. Tangu chakula cha msaada kilipoanza kupunguzwa, wameongezeka, na wengi ni watoto wa waamini. Asiwepo tena mzee, shemasi au mwimbaji wa kwaya wa kuwafukuza. Anayekunywa maji kwenye semina, aiweke chupa kando. Na wazazi, msiwaache watoto waache shule kwa ajili ya chupa. Boazi alimwachia Ruthu masazo, lakini pia alimkaribisha kula mezani.

3. Sisi wenyewe tumewekewa arabuni

Wengi wetu tumejiona kama chupa tupu. Tulikuwa na shamba, ng'ombe, cheo, duka. Vita ikanywa yote, ikatutupa kando ya barabara. Tunakaa katika makazi haya yaliyofunguliwa mwaka 1958, na wengine tumezeeka tukingoja jibu la ofisi. Naomi naye aliporudi Bethlehemu alisema kwamba aliondoka amejaa na Bwana amemrudisha hali ya utupu.

Mtume Paulo anawaambia Waefeso kwamba Roho Mtakatifu ni arabuni ya urithi wetu. Arabuni si sawasawa kabisa na pesa ya chupa. Arabuni ni sehemu ya kwanza ya malipo, mnunuzi anaitoa ili kila mtu ajue kwamba kitu kina mwenyewe, na atakuja kumaliza. Lakini mambo haya mawili yanafanana hapa: chupa tupu yenye pesa juu yake haitupwi ovyo. Hata ikiwa na vumbi, hata ikiwa imelala mtaroni, kuna anayeinama kuiokota, kwa sababu kuna mtu aliyeiwekea thamani. Mungu ametuwekea thamani kwa damu ya Mwanawe, akatupa Roho wake kuwa uhakika. Yeye hasahau kurudi. Hatumii arabuni yetu kwa safari ya mwingine.

Kwa hiyo sisi tuliowekewa arabuni na Mungu mwaminifu, tukishika rehani ya mtu, tuishike kwa namna yake. Huo ndio ushuhuda wetu mbele ya wenyeji wa Bwizibwera, Mbarara na Isingiro. Yule kijana aliuliza kama wanatudhani wezi. Jibu litatoka katika namna tunavyorudisha.

Tumekubaliana hivi katika kikao cha wazee:

- Pesa yoyote ya rehani ya kreti, viti, sufuria au turubai itaandikwa katika daftari lake, mbali na sadaka, pamoja na jina la mwenye pesa.
- Itarudishwa siku ileile inapotoka dukani, kabla ya jua kuchwa, mbele ya mashahidi wawili.
- Kilichovunjika kitalipwa na kanisa.
- Kila anayetudai jambo la namna hii toka miaka iliyopita aje bila woga. Na anayeshika chupa, kreti au pesa ya jirani, aanze kurudisha juma hili.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, wewe uliyetukumbuka tulipokuwa tupu, tusamehe tulipokalia nguo ya mjane. Tupe mikono inayorudisha upesi na midomo isiyomwaibisha anayeokota. Utulinde mpaka siku utakapokuja kuchukua kilicho chako. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Ni sisi watumishi wenzenu katika shamba la Bwana, mchungaji na wazee wa kanisa, Nakivale.