Je, Bahati ya Nyumba Yatoka Mlangoni?

Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini huko Uchina kuna elimu ya tangu zamani inayofundisha kwamba mlango una neno kubwa sana. Elimu hiyo huitwa feng shui, maana yake upepo na maji. Siku hizi imeenea Ulaya na Marekani, na mwenye simu aweza kuisoma popote alipo. Basi yafaa tuipime: tukubali nini, na tukatae nini?

Kwanza tuisikilize. Wazee wa Kichina walifundisha kwamba katika nchi hupita pumzi ya uhai, iitwayo qi. Upepo huitawanya, maji huizuia isitoroke. Kwa hiyo walichagua kwa bidii mahali pa kuzika wafu wao, ili watoto na wajukuu wastawi. Na vivyo hivyo walichagua mahali pa kujenga nyumba. Kitabu kimoja cha zamani juu ya makaburi husemwa kuwa ni cha Guo Pu, aliyekufa mwaka 324. Hata leo mtaalamu huja na dira yake, akatazama milima na mito, mlango na jiko, kisha akasema kitanda kiwekwe wapi. Huwaonya watu wasilale miguu ikielekea mlango, kwa maana ndivyo maiti anavyotolewa nyumbani.

Tusiwacheke. Katika mambo hayo mna akili nyingi. Kaskazini ya Uchina, wakati wa baridi, upepo mkali hutoka kaskazini, na jua huonekana upande wa kusini. Nyumba iliyoupa mlima mgongo na kufungua mlango kusini hupata joto, nayo hukingwa na upepo. Tena, nyuma ya vijiji vingi vya zamani vya Hong Kong kuna msitu usioguswa na shoka. Wazee walisema msitu huo unalinda bahati ya kijiji. Kweli ulilinda watu: mizizi yake hushika udongo wa mlima mvua inaponyesha, na miti yake huvunja upepo na kuleta kivuli.

Lakini tuangalie. Shauri jema lina sababu yake, na sababu ikihama, shauri huhama nayo. Mji wetu wa Lubumbashi uko kusini ya ikweta. Miezi mingi ya mwaka jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na katika kiangazi, mwezi wa sita na wa saba, upepo wa baridi hutoka kusini-mashariki. Mtu wa huko akigeuza mlango wake kusini, kwa kuwa tu Wachina hufanya hivyo, atalipa jua mgongo na kuukaribisha upepo nyumbani. Mchina alifuata sababu. Yeye amefuata hirizi. Ndiyo tofauti yenyewe: shauri laweza kuulizwa «Kwa nini?», hirizi haipendi kuulizwa.

Padri Matteo Ricci, Mjezuiti aliyefika Makao mwaka 1582 na kufa Beijing mwaka 1610, aliwapenda Wachina na kuusifu ujuzi wao. Hata hivyo alishangaa kuona watu wenye elimu wakiamini kwamba heri ya jamaa nzima yategemea jinsi kaburi au nyumba ilivyoelekezwa. Nayo Katekisimu ya Kanisa, katika namba 2116, yakataa uaguzi wa kila namna. Kwa nini? Kwa sababu anayetafuta kuishika kesho mkononi mwake huishia kuiogopa leo.

Na hofu haikai peke yake, humtafuta jirani. Wengine hutundika juu ya mlango kioo chenye pembe nane, ili kurudisha nje nguvu mbaya. Tuulize: inarudi kwa nani? Mara nyingi kwa mwenye nyumba anayekaa mbele yetu! Naye akikiona, atatundika chake. Mwaka 1990 Hong Kong ilipata jengo refu la Bank of China, na watu wakanung'unika kwamba pembe zake ni kama visu vilivyoelekezwa kwa majirani. Jengo la chuma na kioo limekuwa adui. Je, hapo amani imeongezeka au imepungua?

Kuna hatari iliyo kubwa kuliko hiyo. Tuseme mtoto ana homa, na wazazi wanahamisha kitanda badala ya kumpeleka hospitali. Tuseme baba anakunywa mshahara wote, kisha analaumu mlango kwamba unamwaga mali. Mlango hauwezi kujitetea, wala hauwezi kutubu. Kwa hiyo ni rahisi kuushitaki. Na kosa lenyewe linabaki limeketi mezani pamoja nasi.

Basi tufanye nini? Tuutunze upepo na maji ya nyumba zetu kwa maana iliyo wazi. Upepo: tufungue madirisha, moshi wa jiko upate njia, usiingie vifuani mwa mama na watoto. Maji: tufunike mitungi, tufukie madimbwi yanayolea mbu wa malaria, choo kiwe mbali na kisima. Tupange vitu, ili mgonjwa apate mahali tulivu na mgeni apate kiti. Haya si madogo. Nyumba yenye hewa na utaratibu husaidia roho kutulia, na Wachina waliliona jambo hili zamani.

Lakini tukisha kufagia na kupanga, tusidhani kazi imekwisha. Kitanda hugeuzwa kwa dakika chache. Neno la ukali kati ya mume na mke huchukua siku nyingi kuondolewa. Tuanze na hilo leo jioni, kabla ya kufunga mlango, upande wowote unaoelekea.