Lugha ya Mama na Tiba ya Jamii: Nani Anamdai Nani?

Makala haya yanakusudia kulichunguza dai moja lililozoeleka katika mijadala ya lugha za kiasili, yaani kwamba jamii iliyojeruhiwa huponywa kwa kurejeshewa lugha yake. Dai lenyewe hatulipingi. Tunachohoji ni maana ya kuponywa na, zaidi ya hapo, ni nani anayebebeshwa kazi ya uponyaji huo. Uwanja wetu ni Tassia, mtaa wa Embakasi, mashariki mwa Nairobi, ambako majumba ya ghorofa yamesongamana na ambako Mkamba, Mluhya, Mjaluo, Mkisii na Mkikuyu hupanda ngazi moja kila jioni.

Katika mtaa kama huu mtoto hukulia katika Kiswahili na Sheng, na shuleni hufunzwa kwa Kiingereza. Lugha ya wazazi wake huisikia kwenye simu, kanisani, na hasa msibani. Jamaa wa kijiji kimoja wanapokusanyika sebuleni kuchangia safari ya maiti kwenda kuzikwa nyumbani, sala, nyimbo na maneno ya kuagana na marehemu hutolewa kwa lugha hiyo. Mtoto aliyefiwa na babu yake huketi pembeni asielewe, na karipio halikawii: watoto wa siku hizi wamepotea. Hapo ndipo linapozuka swali la kimaadili. Je, ni haki kumlaumu mtu kwa kuukosa urithi ambao hakuwahi kukabidhiwa?

Ili kulijibu swali hili, hatuna budi kutazama ukosefu huo ulikoanzia. Katika shule nyingi za Kenya, tangu enzi ya ukoloni na hata baada ya uhuru wa 1963, mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya kwao alitwikwa alama ya fedheha iliyojulikana kwa majina kama diski na monto. Ngũgĩ wa Thiong'o aliisimulia adhabu ya aina hiyo katika Decolonising the Mind (1986). Linalostahili kutiliwa mkazo ni namna alama hiyo ilivyosafiri: aliyekuwa nayo alijinasua kwa kumtega mwenzake. Kwa hiyo jeraha halikuwa la msamiati tu. Mtoto alifunzwa kwamba sauti ya mama yake ni kosa na kwamba rafiki yake huenda ni mpelelezi. Mzazi aliyepitia shule hiyo, kisha akahamia mjini na kuamua kumnyamazia mwanawe, hakuisaliti jamii yake, alidhani anamkinga. Lakini kinga hiyo ilikuwa na gharama, nayo sasa inalipwa na mtoto asiyejua ilitokana na nini.

Mfano wa Wayaaku wa Mukogodo, Laikipia, unaithibitisha hoja hii. Wayaaku walikuwa wawindaji na wafuga nyuki. Katika miaka ya 1920 na 1930, wakiwa miongoni mwa wafugaji wa ng'ombe waliosema Kimaa, waliingia katika ufugaji na katika Kimaa kwa pamoja. Mahari, ambayo awali ilitolewa kwa mizinga ya nyuki, ikawa ya mifugo. Na jina Dorobo, la kumdharau asiye na ng'ombe, likawaandama. Kiyaaku hakikusahauliwa kwa uzembe. Kiliachwa kwa sababu kukisema kulikuwa sawa na kujitangaza fukara. Mwanzoni mwa karne hii, wakiwa wamesalia wazee wachache waliokikumbuka, jamii ilianza juhudi za kukihuisha. Yumkini Kiyaaku hakitarudi kuwa lugha ya maongezi ya kila siku. Hata hivyo, mtu anapojiita Myaaku bila kuona haya, sehemu ya tiba imekwisha kupatikana, kwani kilichougua kwanza kilikuwa heshima.

Huenda msomaji akapinga kwamba lugha hizi pia zimejeruhi. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo zaidi ya watu 1,100 waliuawa, jina na lafudhi viliweza kumfichua mtu mbele ya anayemwinda. Mpangaji wa Tassia anayekimbilia Kiswahili kama kivuli cha wote ana sababu yake. Hoja hii ni nzito, na haijibiwi kwa kusema tu kwamba lugha haina hatia. Jibu letu ni kwamba diski ya shuleni na kizuizi cha barabarani vina msingi mmoja: vyote hugeuza usemi wa mtu kuwa mtego wa kumnasia. Uhuishaji unaoponya ni ule unaoukana msingi huo. Lugha ifunzwe yeyote anayeitaka, jirani wa kabila jingine akiwemo, na pasiwe na mtoto anayepimwa nasaba kwa ufasaha wake.

Basi nani anadaiwa? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitwika serikali wajibu wa kukuza lugha za kiasili. Shule zinadaiwa kukiri fedheha zilizoieneza. Wazee nao wanadaiwa kitu kidogo kinachowezekana leo: kumkalisha mtoto karibu msibani na kumfasiria wimbo unaoimbwa. Mtoto pia hakosi wajibu, ila wajibu wake huanza pale anapopewa. Anachodaiwa ni sikio.

Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi, suala hili lina kazi ya kufanywa. Tumezoea kuzitafuta nyimbo za kilio vijijini. Matanga ya mitaa kama Tassia, ambako mwimbaji na msikilizaji ni wa ukoo mmoja lakini hawaelewani, bado hayajapata uchunguzi yanaostahili.