Nyundo Hii Maana Yake Nini?

Somo: Yoshua 4:1-7



Israeli walipovuka Yordani, Mungu aliagiza watu 12, mmoja kwa kila kabila, wachukue mawe katikati ya mto. Hayakuwa mawe ya kujengea nyumba. Yaliwekwa ili watoto waulize na wazazi wajibu. Mzazi akinyamaza, jiwe linabaki jiwe tu.

Familia moja ya kanisa letu, wenyeji wa Burundi, ina nyundo ya mti ndani ya sanduku. Kichwa chake ni cha duara, kimechongwa mistari pande zote. Bibi yao alikimbia nayo, akaitunza miaka yote hapa Kampala, akafariki. Wajukuu walidhani ni ya kupondea sombe. Majuzi jirani yao, mzee Muganda, aliiona akaitambua mara moja: ni ensaamo, nyundo ya kupondea gome la mti wa mutuba mpaka liwe nguo. Waganda huiita nguo hiyo lubugo, na mwaka 2008 UNESCO iliingiza kazi hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Rwanda na Burundi pia mababu walivaa nguo za magome kabla ya vitambaa vya dukani.

Basi katika ukoo wao kulikuwa na fundi! Wamelijua hilo kwa kinywa cha jirani, kwa sababu nyumbani hakuna aliyeuliza, wala aliyesimulia.

Mzee aliwaeleza neno lingine. Mutuba ukichunwa vizuri haufi. Fundi huufunga kidonda chake kwa majani ya mgomba, na gome jipya huota. Wapendwa, sisi nasi tumechunwa: nyumba, mashamba, ndugu. Lakini tunaye Bwana anayefunga vidonda (Zaburi 147:3), na mara nyingi hutumia mkono wa jirani.

Najua wazazi wengine wananyamaza kwa sababu kumbukumbu zinauma. Sisemi mtoto aambiwe mambo yote ya vita. Anza na kidogo: jembe la baba, kikapu cha mama, jina la kilima chenu, namna Mungu alivyowavusha mpaka.

Wengine wetu wanangoja safari ya nchi za mbali. Mzigo wa ndege hupimwa kwa kilo, masimulizi hayapimwi. Juma hili, kabla ya maombi ya jioni, kila mzazi asimulie jambo moja. Nanyi vijana, waulizeni wazee wangali hai.

Mungu awabariki.

Mchungaji wenu