Padri na Mwanzo wa Ulimwengu

Padri aliyewaambia wanasayansi kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo ndiye huyo huyo aliyekataa mwanzo huo ufanywe ushahidi wa kuwapo kwa Mungu.

Georges Lemaître, Mbelgiji, alipewa upadri mwaka 1923. Miaka minne baadaye alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba vyote vilivyopo vilitokana na chembe moja ya kale. Baadhi ya wenzake walishuku kwamba hapo iliyokuwa ikisema ni kanzu, si hesabu.

Kumbe mwenyewe alikuwa mkali kuliko wao. Papa Pius XII alipodokeza mwaka 1951 kwamba sayansi imeushuhudia uumbaji, Lemaître hakufurahi hata kidogo. Kwake nadharia ile ilikuwa fizikia tu, jambo ambalo vipimo vipya vingeweza kulikosoa wakati wowote, na asiyeamini Mungu alikuwa na haki ya kuikubali sawasawa na mwumini.

Misa aliendelea kuadhimisha, milinganyo akaendelea kuiandika. Vatican nayo haikumnunia: mwaka 1960 ilimkabidhi urais wa Akademia yake ya Sayansi, akaushika hadi alipofariki mwaka 1966.