Nani Ameshika Ngazi?

Wengi wetu tunalijua neno kidato kutoka shuleni: kidato cha kwanza, kidato cha nne, kidato cha sita. Wakwezi wa minazi wanalijua kwa maana nyingine. Kwao kidato ni pengo linalochongwa kwa panga kwenye shina la mnazi ili mguu upate pa kukanyaga. Ukipita mashambani katika delta ya Rufiji, upande wa Nyamisati au Mbwera, utaona minazi iliyochongwa hivyo kutoka chini hadi karibu na makuti. Hiyo ndiyo ngazi ya kule. Haina kamba, wala haina mtu wa kuishika.

Kibiti mjini, kando ya barabara iendayo Lindi na Mtwara, ngazi ni ya aina nyingine: mirunda miwili mirefu, vipande vya mbao, misumari. Fundi anaiegemeza ukutani, anapanda na ndoo ya rangi mkono mmoja, na saidia fundi anayepaswa kuishika yuko mbali anachanganya zege, kwa sababu hakuna aliyelipwa kwa ajili ya kushika ngazi tu.

Swali langu ni hili. Mtu akipanda bila kinga, huku mwenyewe akisema haitaki kinga hiyo, je, aliyempandisha amesalimika na lawama?

Nina sababu mbili za kuuliza. Ya kwanza ni mjomba wangu. Alianguka mnazini nikiwa bado sijaanza shule. Ilikuwa maji kupwa, mashua haikuweza kutoka kwenye kijito, ikabidi wasubiri maji yajae ndipo wampeleke Nyamisati na kutafuta gari la Kibiti. Tangu siku hiyo hakutembea tena. Mwenye shamba alikuja kumpa pole, akaleta sukari na unga, akakaa mkekani na kusema: ajali haina kinga. Watu wote waliitikia. Alikuwa mtu mwema, na sidhani kwamba alisema kwa hila.

Sababu ya pili ni tasnifu yangu ya uzamili, iliyonirudisha vijijini humo kuzungumza na wanaofanya kazi za juu. Nilikwenda na dhana iliyozoeleka katika semina za usalama kazini, kwamba watu hawajikingi kwa kuwa hawajaelimishwa. Mzee mmoja, mkwezi tangu ujana wake, alinisikiliza kwa adabu nilipomuuliza kwa nini hajifungi kamba kiunoni. Akajibu: "Mjukuu wangu, nikifunga na kufungua kamba kila mti, mpaka adhuhuri nitakuwa nimeangua minazi mingapi? Kamba unayo wewe, lakini muda ni wangu."

Jibu lake lina hesabu ndani yake. Mkwezi hulipwa kwa mti, kwa fedha au kwa nazi kadhaa. Kila dakika anayoitumia kujilinda inatoka mfukoni mwake, na kila dakika anayoiokoa kwa kutojilinda inawahisha nazi za mwenye shamba na za mchuuzi. Hatari anaibeba peke yake, faida wanagawana. Malipo yakipangwa hivyo, hata mtu mwenye shahada tatu atapanda bila kamba. Tunachokiita tabia ya mfanyakazi, mara nyingi ni mkataba wake.

Anaijua hatari hiyo kuliko mimi ninayeihesabu kwa kalamu. Mtu akianguka kutoka mita 10, anafika chini kwa takriban sekunde moja na nusu, kwa kasi ya karibu kilomita 50 kwa saa. Minazi yetu mirefu hupita mita 20. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Si vyote ni vya kazini, lakini inaonyesha nani huanguka akiwa mbali na hospitali.

Wanasheria wana kanuni ya kale isemayo kwamba aliyeridhia hawezi kudai kuwa amedhulumiwa. Viwanda vya Uingereza viliipenda sana kanuni hiyo katika karne ya 19: mfanyakazi aliiona hatari, hakuacha kazi, basi ameikubali. Mwaka 1891 ikafika mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo kesi ya Smith dhidi ya Baker. Smith alikuwa akitoboa mwamba huku winchi ikipitisha mawe juu ya vichwa vya wafanyakazi. Alijua jambo hilo, na aliendelea na kazi mpaka jiwe lilipomwangukia. Majaji walio wengi walikataa kwamba kuendelea na kazi ni sawa na kuridhia. Kujua hatari ni jambo moja, kumsamehe mapema anayekuweka hatarini ni jambo lingine.

Tofauti hiyo naiona kwa mkwezi wetu. Anapoukumbatia mnazi asubuhi anakubali kupanda, kwa sababu nyumbani wanasubiri unga. Hakukubali kwamba akivunjika mgongo, gharama yote iwe ya mke wake na wanawe. Jambo hilo hakuulizwa. Na ridhaa ya mtu ambaye njia yake nyingine ni kulala njaa, ingawa ni ridhaa, ni ndogo mno kuweza kubeba mzigo wote tunaoutwika.

Wapo watakaosema kwamba yote ni kudra. Delta ni nchi ya waumini, na mimi ni mmoja wao. Lakini kila aliyepita madrasa anakijua kisa cha yule Bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, akaambiwa na Mtume amfunge kwanza, kisha ategemee. Tunakisimulia kisa hiki kwa mwenye ngamia. Kwa nini hatukisimulii kwa mwenye shamba?

Wengine watasema, na hoja hii ni nzito zaidi, kwamba kumlazimisha mkwezi ajifunge kamba ni kumvunjia heshima. Huyu ni bingwa. Anautambua mnazi kwa mguu wake kama mimi ninavyoutambua ukurasa. Nakubali. Lakini ubingwa wake hauoni ndani ya shina lililooza, na haujui ni msumari upi wa ngazi ulioliwa na kutu jana. Yapo mambo ambayo ustadi hauyafikii, na kinga imewekwa kwa ajili ya hayo. Kumheshimu bingwa ni kumuuliza yeye ni kinga gani itakayomfaa, kisha kumlipa muda wa kuitumia.

Ugumu halisi uko kwingine. Mwenye shamba mara nyingi ni bibi mjane mwenye minazi 30, naye ni maskini kama mkwezi. Nikimtwisha yeye deni lote, nimeuhamisha udhalimu tu. Sheria zetu nazo hazimfikii kirahisi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaweka wajibu juu ya mwajiri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, unatunishwa na michango ya waajiri. Lakini mwajiri wa mkwezi ni nani? Leo ni bibi huyu, kesho ni jirani yake, keshokutwa ni mchuuzi aliyenunua nazi zikiwa bado juu. Nyuma ya mchuuzi kuna lori, nyuma ya lori kuna soko la Dar es Salaam, na mwisho kabisa kuna mimi na sahani yangu ya wali wa nazi.

Wajibu uliogawanywa kwa watu wengi huelekea kupotea, kila mmoja akidhani upo kwa mwenzake. Mimi nasema kinyume: mnyororo wote unadaiwa, na anayedaiwa zaidi ni yule mwenye nguvu ya kupanga bei. Mchuuzi anayenunua shamba zima anaweza kulipa kwa siku badala ya kulipa kwa mti. Anaweza kukataa kuanguliwa nazi wakati wa masika, shina likiwa limelowa. Fundi mkuu anaweza kuweka posho ya mtu wa kushika ngazi katika makadirio ya kazi, kama anavyoweka saruji, na kuhakikisha kwamba kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wa ngazi umekaa mita moja kutoka ukutani. Na mlaji anaweza kuacha kushangilia kila nazi inaposhuka bei bila kuuliza ni nani aliyelipia punguzo hilo.

Sitaki tuache kusema ajali haina kinga. Msibani neno hilo lina kazi yake: linamwondolea mfiwa mzigo wa kujiuliza kama angeweza kuzuia. Tatizo ni pale linaposemwa kabla ya mtu kupanda, na anayelisema ni yule asiyepanda. Hapo halimfariji mtu yeyote. Linaokoa gharama ya kamba.

Tuna methali nyingine tunayopenda kuwatupia wenye vyeo: aliye juu mngoje chini. Tunaisema kwa kejeli, tukisubiri waporomoke. Kwa mkwezi na kwa fundi ingefaa tuichukue neno kwa neno, kama maagizo ya kazi. Yuko mtu juu kwa ajili yetu. Basi awepo mtu chini, anayelipwa, aliyeishika ngazi.