Mwenye Nguvu, Mpishe?

Kuna methali ambayo karibu sote tuliitungia sentensi shule ya msingi: mwenye nguvu mpishe. Sikumbuki mtu aliyemuuliza mwalimu kwa nini. Apishwe kwa sababu ana nguvu, basi, lete daftari lisahihishwe. Nataka kuuliza sasa, na mahali pazuri pa kuulizia ni barabara za kwetu, kati ya Embu na Meru, siku ambayo lobedi imebeba tingatinga.

Kama hujawahi kufika huko, hebu chora picha hii. Barabara kuu ya lami inatoka Embu mjini, inapita Runyenjes, Chuka, Igoji na Nkubu mpaka Meru, na njiani inavuka mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya: Thuci, Nithi, Mutonga na mingine. Kila mto una bonde, na kila bonde lina kona za kushuka na kona za kupanda. Daraja la Nithi linajulikana nchi nzima kwa ajali. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Na hiyo ndiyo barabara pana. Ukiiacha ukapanda upande wa msitu kwenye majani chai, au ukashuka upande wa Mbeere na Tharaka, unaingia barabara za murram zinazotosha gari moja na nusu. Mkono mmoja ni ukuta wa udongo, mkono wa pili ni kahawa ya mtu.

Kwenye upana huo mdogo tumo sisi wote. Lori la majani chai, boda yenye abiria watatu na kuku, watoto wa shule, mama na mzigo wa napia mgongoni, Probox ya muguka inayokimbizana na saa. Tumeshajifunza kupishana. Kuna honi ya "nimekuona", kuna taa ya "pita wewe", kuna mkono wa "asante boss".

Halafu mara moja moja inakuja lobedi, ile trela ndefu iliyo chini chini ya kubebea mashine. Ikiingia, lugha yote ya honi na taa inanyamaza. Tanboi anatangulia kwa miguu na mti mrefu, anainua nyaya za stima ili mkono wa tingatinga upite chini yake. Boda zinaingia mtaroni. Mama anapanda ndani ya kahawa na napia yake. Matatu inarudi nyuma nusu kilomita kutafuta mahali pa kujibanza. Nimewahi kuwa ndani ya matatu kama hiyo. Ndani hakuna aliyenung'unika, na nje watoto walikuwa wanapiga makofi.

Sasa, kwa nini tulipisha?

Jibu la kwanza ni la methali: uoga. Kile kitu ni kikubwa, kitakuponda. Lakini uoga hauelezi makofi. Probox ya muguka nayo inatisha, na pengine imeua wengi zaidi kuliko lobedi. Hiyo tunaipisha huku tukitukana. Mwenye mbio na mwenye ukubwa wote wanatutoa barabarani, ila mmoja tunamlaani na mwingine tunamtazama kwa heshima fulani. Lazima kuna kitu kingine.

Jibu la pili nililipata kwenye desturi ya madereva wa milimani. Magari mawili yakikutana kwenye mlima mwembamba, anayeshuka husimama, anayepanda hupita. Hakuna anayeuliza gari la nani ni kubwa. Sababu ni kwamba anayepanda akisimama, kuondoka tena ni shida, na akiserereka nyuma ni balaa. Anayeshuka ana nafasi ya kuchagua, mwenzake hana. Kwa hiyo anayepishwa ni mwenye uwezo mdogo zaidi wa kupisha.

Ukiitazama lobedi kwa jicho hilo, inageuka. Yule jitu ndiye mnyonge wa barabara. Tingatinga la kawaida la kuchimba lina uzito wa tani 20 hivi, na bado hujahesabu trela na kichwa cha lori. Haiwezi kurudi nyuma kwenye kona, haiwezi kuingia mtaroni, haiwezi kugeuza. Boda ina njia kumi za kujiokoa, lobedi ina moja. Tunaipisha kama tunavyopisha kipofu, ambulensi, au watu wanaobeba jeneza. Methali ingepaswa kusema: asiyeweza kupisha, mpishe.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini kati ya ambulensi na lobedi kuna tofauti kubwa. Mgonjwa hakuchagua kuugua. Mwenye tingatinga alichagua. Alichagua mashine gani, njia gani, siku gani, msimu gani. Kutoweza kwake kupisha alijitengenezea mwenyewe, kwa faida yake au ya anayemlipa. Na mtu akijifanya asiyeweza kupisha, halafu sisi tukaingia mtaroni ili apite, nadhani tumemkopesha. Barabara ilikuwa yetu sote. Kwa dakika 20 ametumia fungu la kila mtu. Huo ni mkopo, na mkopo una siku ya kulipwa.

Shosho yangu anaishi chini kidogo ya Runyenjes. Mwaka mmoja, wakati wa mvua, mashine ya kontrakta fulani ilipita mbele ya boma lake ikienda kufungua barabara juu kwenye matuta. Kalvati ya hapo langoni ilikuwa ya zamani. Ikapasuka. Kwa misimu miwili kahawa yake ilitoka shambani kwa wilbaro na kwa mgongo, kwa sababu pikapu haikuweza kuvuka. Majirani walimwambia avumilie, hayo ni maendeleo. Na kweli barabara ya juu ilikamilika, hata yeye anaitumia akienda kanisani. Kalvati huvunjika, alisema, hata yeye anajua. Alichokuwa anauliza kila nikimtembelea ni hiki: "Wale watu walirudi na njia gani?" Maana mashine ilimaliza kazi ikaondoka, na langoni kwake haikupita tena.

Swali lake ni zuri kuliko yangu yote. Siku ya kuja, mashine huja na shangwe, tanboi, bendera nyekundu, wakati mwingine hata chifu. Siku ya kurudi hupitia kwingine.

Utasema sheria ipo. Ni kweli, ipo. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari, lori na mzigo wake haviruhusiwi kuzidi tani 56. Ukizidisha uzito au vipimo kwa sababu mzigo wenyewe haugawanyiki, unaomba kibali maalumu kwa mamlaka ya barabara, na unapewa masharti. Mimi naona kibali ni hodi. Serikali inasema: huwezi kuingia hivi hivi, bisha kwanza. Shida ni mlango uliobishwa. Hodi ilipigwa ofisini, ikajibiwa ofisini. Aliyeingia mtaroni na napia mgongoni hakuwa upande wowote wa mazungumzo hayo.

Na hapa tuwe wa haki kwa lobedi, kwa sababu macho yetu hudanganya. Kati ya 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani waliendesha malori juu ya barabara za majaribio huko Illinois, kutwa kucha, wakipima lami inavyochakaa. Walichokiona bado kinatumika: madhara hayapandi sambamba na uzito, yanapanda kwa kasi zaidi. Kwa makadirio yao, ukizidisha mara mbili uzito ulio juu ya ekseli, madhara huzidi mara 16. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ukiipa 12 tu, tayari umeumiza barabara mara mbili. Lobedi yenye ekseli nyingi, iliyogawanya mzigo vizuri, inaweza kuiacha barabara salama kuliko lori la mchanga lililojazwa kupita kiasi, ambalo linapita kila usiku na hakuna anayepiga picha. Kwa hiyo deni halipimwi kwa ukubwa unaoonekana. Linapimwa kwa kinachobaki nyuma.

Kilichobaki nyuma, kwetu, kina historia. Bonde la Mto Tana upande wa Mbeere lina mabwawa matano ya Seven Forks: Kindaruma lilianza 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Gitaru peke yake lina uwezo wa megawati 225. Hebu fikiria mitambo na transfoma za kazi kama hiyo zikishushwa bondeni miaka ile, na barabara za wakati ule. Kuna watu walipisha. Wengine hawakupisha kwa dakika 20. Maji ya Kiambere yalipojaa, maelfu walihama moja kwa moja. Kisha umeme ukapanda kwenye nyaya ukaelekea Nairobi, na kwa miaka mingi watoto wa Mbeere wakasoma kwa koroboi chini ya nyaya hizo hizo. Mimi nimechaji simu yangu Nairobi usiku huu. Sehemu ya deni lile iko kwenye simu yangu, na pengine kwenye yako unayosomea hapa.

Mfano wa karibuni zaidi ni mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana. Mitambo 365 ilitoka bandari ya Mombasa, mapanga yake yakiwa na urefu wa mita 25 hivi kila moja, na kutoka Laisamis hadi Sarima zilitengenezwa kilomita 208 za barabara ili ipite. Kwa mizigo mikubwa, hiyo ni kazi ya kupigiwa mfano: njia ilipimwa, ikapanuliwa, na barabara ikabaki kwa watu wa huko. Lakini 2014 wakazi wa Marsabit walikuwa wameshaenda kortini kuhusu ardhi yenyewe, ekari 150,000. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi hapa Meru ikaamua kwamba hatimiliki za ardhi ile zilitolewa bila kufuata sheria, ikatoa mwaka mmoja mambo yarekebishwe. Mitambo ilikuwa tayari inazunguka. Yaani inawezekana ukaomba njia kwa uangalifu mkubwa, ukapima kila kona, halafu ikawa nyumba unayoelekea hukubishwa hodi ipasavyo.

Najua pingamizi. Kama kila mwenye shamba kando ya barabara lazima aulizwe, hakuna mashine itakayofika popote. Hata jenereta ya hospitali itakwama Igoji ikisubiri mzee mmoja aamke vizuri. Nakubali. Lakini hodi si kura ya turufu. Mgeni anayebisha hodi hajampa mwenyeji funguo za safari yake. Amekubali tu kwamba kuna mwenyeji.

Niliketi na dereva mmoja wa lobedi kwenye hoteli pale Runyenjes, akinywa chai na chapati mbili. Nilimuuliza anajiandaaje. Akasema kabla ya kuleta mzigo anakuja na pikapu, anapita njia yote, anashuka kwenye kila kalvati na kamba ya kupimia. Anauliza siku ya soko ni gani. "Siku ya soko siingii, hata nikilipwa." Anauliza watoto wanatoka shule saa ngapi. Na kazi ikiisha? Akacheka kidogo. Akirudi, alisema, hurudi na njia ile ile, polepole, ili akiona palipovunjika ampigie simu mwenye kazi. "Wengine wanaweka tu gia."

Huyo hajasoma falsafa yoyote, na sidhani anaihitaji. Anasema kabla, anapita saa isiyoumiza wengi, anarudi kuangalia. Mambo matatu. Yangewekwa kama masharti ya kibali, na chifu akayasoma barazani, shosho angekuwa na mtu wa kumpigia simu na namba ya kumpigia.

Tuna methali nyingine, bora kuliko ile ya ubaoni: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huisema kwa mzaha wageni wakija na soda na mkate. Mimi naichukua kama sharti. Mashine inayoingia kijijini ni mgeni. Apishwe, tena kwa makofi kama watoto wanavyofanya, maana barabara, maji na stima tunavitaka. Lakini mwenyeji naye apone. Kalvati ya kwa shosho ilitengenezwa mwishowe na majirani, kwa mchango, mawe na mifuko ya saruji. Hesabu ya mifuko hiyo ameiandika nyuma ya kalenda, na hajaifuta.