Wimbo Unaorudiwa

Swali la kama mtu wa dini anaruhusiwa kuupenda muziki ni la zamani, na katika Mwanza, mji ambao muziki hausubiri kualikwa, kwa kawaida hujibiwa kwa mgawanyo mmoja mwepesi: ziko nyimbo za dini, ambazo ni zile za kwaya, za kaswida na za sifa, na ziko nyimbo za dunia, yaani nyingine zote, kuanzia dansi na taarabu hadi bongofleva na singeli. Mgawanyo huu una faida yake katika mahubiri, kwa kuwa unamwezesha mhubiri kusema neno moja likaeleweka na wote. Hata hivyo, unapoletwa kwa mpenzi wa muziki, yaani mtu ambaye kusikiliza kwake si jambo la kupoteza muda bali ni sehemu ya maisha yake, unashindwa kueleza karibu kila anachokifanya. Hoja ya insha hii ni kwamba swali limeelekezwa pasipo pake, kwa kuwa limeulizwa juu ya wimbo ilhali lilistahili kuulizwa juu ya kurudia, kwa maana kwamba kinachomfichua msikilizaji mbele ya dhamiri yake si wimbo alioupata kuusikia, bali ni ule anaourudia na sababu inayomrudisha.

Ugumu wa mgawanyo ule unaonekana katika simu ya kijana yeyote wa Kirumba au Igoma. Kadi ya kumbukumbu, ambayo vijana wa vibandani humjazia mteja nyimbo kwa bei ndogo, hupangwa kwa alfabeti, na alfabeti haijui dini wala dunia, ndiyo maana AIC Makongoro, ile kwaya ya vijana ya Mwanza inayofahamika nchi nzima, hukaa juu kabisa ya orodha, na chini yake, bila ukuta wowote, akafuata Alikiba wa bongofleva. Mwenye simu akiiacha ijiendeshe yenyewe, ibada na mahaba hupokezana kila baada ya dakika nne, na yeye haoni kwamba ametenda jambo la ajabu. Kumwita mnafiki kwa sababu hiyo ni haraka, kwani mnafiki ni mtu anayeonyesha asichokiamini, na huyu hamwonyeshi mtu chochote. Masikioni mwake zimo waya mbili, na abiria aliyeketi naye katika daladala ya Buhongwa hajui kinachoendelea humo.

Wanafikra wawili, mmoja wa Kikristo na mmoja wa Kiislamu, wamelichimba suala hili kuliko wengi, na wote wawili wana wasomaji wao Mwanza. Wa kwanza ni Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 na kufariki mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika Algeria ya leo, ambaye jina lake ndilo linalobebwa na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Tanzania kilichopo Nyegezi, upande wa kusini wa jiji. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, Augustino anakiri kwamba nyimbo za kanisa zilimliza siku za mwanzo za imani yake, kisha anajishuku, kwa kuwa wakati mwingine sauti ilimgusa kuliko maneno yaliyokuwa yakiimbwa, na hali hiyo anaihesabu kuwa kosa linalostahili adhabu. Anafikia hatua ya kuwaza kama isingekuwa salama zaidi kufuata desturi ya Athanasio wa Alexandria, ambaye inasemekana alimtaka msomaji wa zaburi apandishe na kushusha sauti kidogo sana, hata usomaji ukakaribia kuwa mazungumzo kuliko wimbo. Mwishowe anaelekea kuukubali uimbaji kanisani, ila anasema wazi kwamba hatoi uamuzi usiobatilika. Jambo la kuzingatia ni kwamba Augustino hakuwa akizungumzia nyimbo za baa. Hatari aliyoiona ilikuwa ndani ya zaburi zenyewe, mahali ambapo mgawanyo wa dini na dunia haumsaidii mtu hata kidogo.

Wa pili ni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika Ihya Ulum al-Din alitenga kitabu kizima juu ya samaa, neno ambalo wanazuoni wa tasawufi, yaani elimu ya kuutakasa moyo, hulitumia kwa usikilizaji wa mashairi na sauti nzuri. Kwa maoni yake samaa haitii moyoni kitu ambacho hakimo, bali hukitikisa kilichomo. Ingawa aliziweka kando baadhi ya ala kwa kuwa zilikuwa alama ya vikao vya walevi, hukumu yake ya jumla humwangalia msikilizaji: kwa kijana aliyetawaliwa na matamanio samaa huwa haramu, kwa mtu aliyeifanya mazoea ya kujipumbazia sehemu kubwa ya wakati wake huwa makuruhu, kwa anayeburudika tu na sauti nzuri ni mubaha, yaani haina thawabu wala dhambi, na kwa aliyejaa mapenzi ya Mungu huwa jambo la kupendekezwa. Kwa hiyo wimbo ule ule, ukiimbwa usiku ule ule, unaweza kupata hukumu nne katika mkeka mmoja. Huu ni ukali wa aina ya pekee, kwa sababu unamnyima msikilizaji kinga ya kusema kwamba wimbo wake ni wa kaswida na kwa hiyo yuko salama.

Kabla ya vitabu hivyo kufika kandokando ya Ziwa Victoria, Wasukuma walikuwa na nadharia yao, ingawa haikuandikwa. Katika mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, vyama viwili ambavyo mapokeo yanaviunganisha na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Hakuna jaji anayetoa alama kwa sauti au kwa hatua za miguu. Miguu ya watazamaji ndiyo hupiga kura. Tena, kwa kuwa ilijulikana kwamba mtu huvutwa pasipo kupanga kuvutwa, nguvu hiyo ilihusishwa na dawa ya mganga, na kila kundi liliitafuta dawa yake kabla ya kuingia uwanjani. Msomi wa leo anaweza kuicheka dawa, lakini hawezi kulicheka tatizo ambalo dawa ilijaribu kulieleza, kwani mpenzi wa muziki naye hawezi kutoa sababu kamili ya kwa nini wimbo mmoja humshika na mwingine, uliotungwa kwa ufundi ule ule, humpita kama upepo. Kanisa Katoliki lilipoamua kuipokea ngoma badala ya kuipiga vita, lilifanya hivyo kwa dhahiri zaidi Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec nchini Kanada, aliujenga utamaduni wa Kisukuma ndani ya kanisa na makumbusho. Huko tamasha la Bulabo, linalofanyika mwezi Juni sambamba na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, huendeleza ushindani wa ngoma hadi leo, na hivyo mvuto ambao Augustino aliuogopa umepewa mahali katika kalenda ya liturujia, yaani mpangilio rasmi wa ibada za mwaka.

Lakini Augustino, Ghazali na waganga wa ngoma wote walizungumzia muziki unaopita. Augustino, aliyelia kanisani huko Milano, hakuweza kuamuru sauti ile ile irudishe machozi yale yale, na mtazamaji wa Bagalu alilazimika kungoja mashindano mengine. Sauti iliyorekodiwa imebadilisha jambo hili kutoka kwenye mzizi, kwa kuwa imemkabidhi msikilizaji uwezo ambao zamani ulikuwa wa waumini peke yao, wa kurudia maneno yale yale kwa makusudi. Mkatoliki huzipitisha punje za rozari kwa makumi matano ya Salamu Maria, na Mwislamu baada ya sala husema Subhana Llahi mara 33 akihesabu kwa vidole au kwa tasbihi, na wala hakuna kati yao anayelalamika kwamba maneno si mapya. Kurudia kwao si uvivu wa fikra. Ni njia ya kuushusha moyo mahali ambapo akili ilikwisha kufika. Tofauti ni kwamba urudiaji wa ibada una hesabu, na punje zikiisha mtu husimama akaenda zake, ilhali wimbo wa simuni hauna punje ya mwisho, na ndiyo maana mara nyingi huchuja, yaani hupoteza ladha kwa kupigwa mno, mpaka aliyeupenda wiki iliyopita akaufuta kwa mkono wake mwenyewe. Ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba Salamu Maria imechuja.

Baadhi ya nyimbo hazichuji, na hizo ndizo zinazostahili kuchunguzwa. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mashariki mwa Kongo na kufanya kazi yake kubwa Dar es Salaam na bendi ya Super Matimila, alitoa mwaka 1989 albamu ya Songs for the Poor Man kupitia Real World, kampuni ya Uingereza, na ndani yake, katikati ya nyimbo za mapenzi na za unyonge wa maskini, umo wimbo uitwao Kifo. Kwa mgawanyo wa kawaida huo ni wimbo wa dunia, kwa sababu ulipigwa na bendi ya dansi na ukachezewa kumbini penye bia. Mwimbaji mwenyewe katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Desemba 2010, aliuacha ulimwengu wa dansi akaimba injili. Hata hivyo, mfiwa anayeurudia wimbo huo usiku haufuati kwa ajili ya gitaa pekee. Anarudi kwenye swali ambalo kila dini duniani imejaribu kulijibu, na ambalo kwaya nyingi, kwa kukimbilia ushindi wa paradiso, hulipita bila kuligusa. Si haki kusema kwamba mfiwa huyo yuko nje ya dini wakati ule.

Tena urudiaji si wa mtu mmoja daima. Kabla ya waya za masikioni, mazoea makubwa ya kusikiliza yalikuwa vipindi vya salamu vya redio, ambavyo Radio Free Africa, yenye makao yake Mwanza, iliviendeleza baada ya redio ya taifa: msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya ndugu, jamaa na marafiki, na mtangazaji akayasoma yote, wakati mwingine kwa muda mrefu kuliko wimbo wenyewe, kabla ya kuupiga. Wimbo uliopokelewa kwa njia hiyo ulikuwa zawadi yenye majina juu yake, na aliyeurudia baadaye aliwarudia watu. Jambo linalofanana na hilo hutokea wakati wa msiba mkubwa, redio zinapoacha nyimbo za starehe na kupiga za maombolezo. Wimbo uliosikika Machi 2021, mwili wa Rais John Magufuli ulipoagwa katika uwanja wa CCM Kirumba kabla ya kuzikwa Chato, hauwezi kusikika tena kama wimbo mtupu kwa aliyekuwa kwenye umati ule, awe alimpenda kiongozi huyo au la.

Serikali nayo imejaribu kuhukumu, na kwa kipimo cha maneno. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliupiga marufuku wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz unaobeba jina la Mwanza, kwa kosa la kukiuka maadili, na mwezi uliofuata likawafungia wasanii hao kutumbuiza baada ya kuuimba jukwaani Mwanza kwenyewe. Jina la Nyegezi, mtaa ule ule wenye chuo cha Augustino, ndilo lililochezewa hadi likapata maana ya pili, na pengine mtakatifu mwenyewe, ambaye ujana wake haukuwa na siri, angelisoma tangazo la Baraza kwa makini kuliko wanafunzi wa hapo. Mamlaka ya umma haina budi kuangalia maneno, kwa kuwa haiwezi kuingia moyoni mwa mtu. Kosa hutokea pale viongozi wa dini, ambao kazi yao ni moyo, wanapoazima kipimo cha Baraza na kukifanya kipimo chao.

Itapingwa kwamba kurudia si ushahidi wa lolote, kwani hata tangazo la sabuni linaweza kumganda mtu kichwani siku nzima. Pingamizi hili lina uzito kwa wimbo unaojirudia wenyewe, ila halina uzito kwa mkono unaoinuka, ukautafuta wimbo katika orodha ndefu, ukaupita wa kwanza na wa pili, ukaugusa ule mmoja. Hapo pana chaguo, na penye chaguo pana dhamiri, na msikilizaji anaweza kuulizwa kwa heshima anarudi kufanya nini: kuwasha tamaa aliyokwisha kuijutia, kumkumbuka mtu, kujificha asisikie jambo linalomngoja nyumbani, au kusema asilopata maneno yake ya kulisemea. Wimbo wa kwaya unaweza kutumika kwa lile la kujificha, na wimbo wa dansi kwa lile la mwisho.

Kwa hiyo mchungaji au shehe anayemwamuru kijana afute nyimbo zote za dunia simuni mwake ameanza na jibu kabla ya swali. Aanze kwa kumwomba kijana amwonyeshe nyimbo tatu anazozirudia zaidi, azisikilize mpaka mwisho, kisha amuulize ni nini kinachomrudisha. Na asiyekuwa tayari kukaa dakika kumi na mbili kwa ajili hiyo hajapata bado haki ya kuhukumu.